Bamba la Nguzo ya Kumi na Moja

Jina la Nusu alipewa mara mbili, na watu wawili tofauti. Mara ya kwanza ni msimamizi mmoja aliyemwona akishuka kwenye lori siku yake ya kwanza kazini, kimo kifupi, mwili mkavu, ndoo aliyoibeba inamgonga magoti, akauliza, "Huyu ni fundi au nusu fundi?" Watu wakacheka na jina likanata. Mara ya pili ilikuwa miaka kumi baadaye, pale injinia mmoja alipomkuta amelala kifudifudi kwenye zege, jicho moja amelifumba, anagombana na bamba la chuma lililoinama nusu milimita. "Mwacheni," injinia akasema. "Huyu hali chakula mpaka hiyo nusu iishe." Tangu siku hiyo jina ni lilelile, ila watu hulitamka wakiwa wamesimama vizuri.

Kazi yake ni ya chini kabisa ya jengo. Nguzo ya chuma haikai juu ya zege hivihivi kama chupa juu ya meza. Chini yake imechomelewa bamba nene lenye matundu manne, na matundu hayo huvishwa kwenye bolti nne zilizochomoza kutoka kwenye msingi. Kati ya bamba na zege huachwa nafasi ya kama vidole vitatu. Hapo ndipo ilipo riziki ya Nusu. Kwanza bamba lisawazishwe: nati zilizo chini yake zizungushwe kidogo kidogo, hii ipande, ile ishuke, mpaka kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Kisha ile nafasi ijazwe grauti, yaani rojo la saruji maalumu isiyosinyaa ikikauka. Ijae pote, pasibaki hata pa kupitisha pumzi. Nguzo iliyokanyaga grauti hubeba jengo. Nguzo iliyokanyaga hewa huning'inia kwenye nati nne na kumwomba Mungu.

Alifundishwa na kaka yake. Kaka alimzidi miaka kumi na minne, na ndiye aliyemlea wazazi walipotangulia. Alimtafutia nafasi kwa fundi cherehani ajifunze kazi ya kukaa kivulini. Baada ya wiki tatu Nusu akarudi nyumbani akasema kitambaa hakina msimamo, ukikipima asubuhi kiko hivi, jioni kiko vile. Kaka akacheka mpaka akakaa chini, na kesho yake akampa mwiko. Sasa Nusu alikuwa na miaka arobaini na mmoja, Kaka hamsini na mitano, na kwenye kazi za nguzo walikuwa chanda na pete. Aliyemtaka mmoja aliwachukua wote wawili.

Mwaka huo walikuwa kwenye kiwanda cha magodoro. Nguzo ishirini na mbili, safu mbili, kila moja mita tisa kwenda juu, zimeshasimamishwa na kufungwa nyaya zisiyumbe. Kaka, ambaye ndiye fundi mkuu, alichukua safu ya kwanza na kikosi chake, moja hadi kumi na moja. Nusu na watu wake wakachukua safu ya pili. Utani wa kila asubuhi ulikuwa kwamba humu yatalala magodoro tu, nguzo zitakesha.

Ilikuwa Alhamisi. Mabamba yote yalikuwa yameshajazwa. Kaka alikuwa ameyapitia yote jana yake na nyundo yake ndogo, akiyagonga moja moja, akasema yamejaa. Jumamosi winchi ingekuja, na mafundi wa vyuma wangeanza kupandisha boriti za paa.

Nusu alikuwa anapita tu. Amebeba magunia yaliyolowa maji, ya kufunikia grauti isikauke haraka, na spana ameichomeka mfukoni. Alipoinama karibu na nguzo ya kumi na moja, spana ikachomoka ikaangukia bamba. Ikasema ko.

Bamba lililojaa husema ti. Mlio wake ni mfupi na mkavu, kama wa mtu asiyependa kuulizwa mara mbili. Nusu akaweka magunia chini. Akachuchumaa, akagonga pembe iliyokuwa karibu yake: ti. Akagonga pembe ya pili: ti. Akasogea kuelekea katikati, upande wa ukuta. Ko. Ko. Akarudia mara tano, akafuata mlio ule kwa ncha ya spana kama mtu anayetafuta mpaka wa shamba, na mwisho akawa ameuchora kwa chaki: duara lisilo sawa, ukubwa wa sahani ya kulia chakula.

Alibaki amechuchumaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kusema atasema, hilo halikumsumbua kichwa. Juu ya nguzo ile zingepanda boriti, juu ya boriti paa, na chini ya paa watu wa kushona magodoro siku zote za maisha yao ya kazi. Kilichomsumbua ni atasemaje, na kwa nani kwanza. Bamba la kumi na moja alilijaza Kaka kwa mkono wake, Jumanne mchana.

Akamfuata penye tangi la maji, alipokuwa akisuuza ndoo na mchanganyaji wake, mtu mnene mpole aliyefanya naye kazi miaka sita.

"Kaka," akasema. Akasogea mbele yake akarudia. "Kaka. Bamba la kumi na moja lina mlio."

"Kila bamba lina mlio."

"Hili lina mlio wa debe."

Kaka akaipindua ndoo juu ya mawe ichuruzike. "Nimeligonga mwenyewe jana, mdogo wangu."

"Najua. Twende ukaligonge tena."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuligonga."

"Ndiyo maana nimesikia," Nusu akasema.

Jibu lile lilimkuta Kaka hajajipanga. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda. Mchanganyaji akawafuata kwa nyuma, maana maneno kama yale hayasikiki kila siku. Kaka akatoa nyundo yake ndogo, akaliangalia duara la chaki kwa dharau kidogo, akagonga katikati yake. Ko. Mchanganyaji akageuza kichwa haraka. Kaka akagonga tena, ko, ko, uso umetulia kabisa, kama mtu anayesikia jambo aliloliamini siku zote.

"Limejaa," akasema.

Nusu alimtazama. Amemjua mtu huyu tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Anaijua sura yake akidanganya, hasa akidanganya kwamba ameshakula ili chakula kibaki, na sura hii haikuwa ile. Kaka hadanganyi. Kaka anasema anachosikia.

Akajifanya anaokota magunia, akapita nyuma ya Kaka upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, kiatu chako kinawaka moto."

Kaka hakugeuka. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye nyundo. Mchanganyaji akatazama kiatu, akamtazama Nusu, akaelewa, akainamisha uso.

Hapo mambo mengi madogo yakajipanga mstari. Ule mtindo wa Kaka wa kukaa kila mara mwisho wa benchi, watu wote wawe kushoto kwake. Kule kuitikia kwa kutikisa kichwa tu. Vile vicheko vyake vinavyochelewa, baada ya wengine kuanza. Miaka kumi na zaidi alikuwa ameishika mashine ya kuvunjia zege, kabla ya kupata kazi ya nguzo, na siku zile aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa.

Nusu hakupiga kelele. Akaja mbele yake, akamshika mkono wa kushoto, akaukunjua kama wa mgonjwa, akakilaza kiganja chake juu ya bamba, penye pembe nzuri. Akagonga kando ya kiganja. Kisha akakihamishia kwenye duara la chaki, akagonga tena. Kaka akakunja uso. Nusu akarudia: pembe nzuri, duara. Mara ya tatu Kaka akamnyang'anya nyundo akagonga mwenyewe, macho amefumba.

"Linatetemeka," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Kule halitetemeki."

"Kule limejaa."

Kaka akakaa kwenye ukingo wa msingi. Nusu akakaa kushoto kwake. Upande wa pili wa kiwanja wale wa vyuma walikuwa wakiburuta minyororo.

"Tangu lini?" Nusu akauliza, akimtazama usoni ili amwone midomo.

"Sijui. Masikio hayatoi taarifa yakiondoka." Akaigeuzageuza nyundo. "Nyundo naisikia. Nasikia kwamba imegonga. Sikujua kama kuna kingine ninachokosa. Nilidhani siku hizi watu wamezoea kunong'ona."

Mchanganyaji akakohoa. "Bwana fundi, Jumanne tulipokuwa tunalijaza hili, ulipomaliza ndoo ya kwanza, nilikuita. Nilisema subiri, mchanganyiko wa pili bado. Ukaniinulia kidole gumba."

"Ulisema subiri?"

"Nilisema subiri."

"Mimi nikajua umesema tayari. Nikanyoosha mkono, nikakuta ndoo haipo. Ilipokuja, ya mwanzo ilikuwa imeshakaza kwa jua, haisogei. Nikaona nimalizie kwa upande wa pili, zikutane." Fundi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba grauti humiminwa upande mmoja tu, bila kukatishwa, itokee upande wa pili ikisukuma hewa mbele yake. Ukimimina pande mbili, hewa inabaki katikati haina pa kutokea. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kabisa Kaka aliyomfundisha Nusu. "Nilijua si vizuri," akasema. "Nikajiambia nyundo itanieleza. Na nyundo nikaiamini."

"Tutamwambia injinia kwamba tumelikuta pamoja kwenye ukaguzi," Nusu akasema. "Na ni kweli."

Kaka akainuka. "Nilikubeba mgongoni ukiwa mtoto. Usinibebe mimi leo. Bamba langu, mdomo wangu."

Ofisi ya injinia ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Ndani walimkuta injinia na nyapara wa mafundi wa vyuma, mtu mrefu wanayemwita Kreni, wameinamia ramani ya boriti. Kaka alivua kofia yake ngumu. Alisema maneno machache, yote yamenyooka: nguzo ya kumi na moja ina pango chini ya bamba, kosa ni la kwake, na sababu moja ni kwamba masikio yake hayafanyi kazi naye hakuwa anajua mpaka leo asubuhi. Nusu, aliyesimama nyuma yake, aliutazama ule mgongo mpana umenyooka kama nguzo yenyewe, akasikia kitu kinampanda kifuani. Alitarajia kiwe huruma. Hakikuwa huruma. Alikuwa anajivunia kuwa ndugu yake.

Kreni alikunja ramani kwa hasira. "Jumamosi winchi iko hapa. Nimepanga kuanzia kumi na moja."

Injinia alitaka kuona kwanza. Wakaenda wote, akagonga, akasikia, akapiga magoti akatazama chini ya bamba kwa tochi. "Tunaweza kutoboa na kusukuma grauti nyepesi kwa pampu," akasema. "Si lazima kuvunja."

"Inawezekana," Nusu akasema. "Lakini hatutaona imefika wapi. Tukivunja tutaona kwa macho. Na grauti hii bado ina siku mbili tu, haijawa jiwe, na nguzo haijabeba kitu."

"Muda je?"

Nusu alikuwa ameshauhesabu njiani. "Leo tunavunja na kusafisha. Zege linalazwa na maji mpaka asubuhi. Kesho alfajiri tunamimina, jua likiwa bado changa. Jumanne tofali za majaribio, tutakazozimimina kwa grauti hiyohiyo, zikipasuliwa na zikakubali, hata boriti kumi Kreni apandishe. Jumamosi aanzie upande wangu."

Kreni akatazama safu ile, ndefu kwenda kulia. "Nianzie mkiani?"

"Paa halijui kichwa chake kiko wapi," Nusu akasema, na injinia akacheka, na kicheko kile kikawa ndio uamuzi.

"Nani ataongoza?" injinia akauliza.

Nusu akafungua mdomo, lakini Kaka alikuwa ameutazama mdomo wa injinia. "Huyu," akasema, akaweka mkono kichwani kwa Nusu, dada yake mdogo, juu ya kofia. "Mimi nitakuwa mikono yake."

Walivunja kwa tindo nyembamba na drili ndogo, kwa zamu, wawili wawili, bila kugusa nati za chini zilizoishika nguzo. Saa nane mchana tindo ya mchanganyaji ikazama ghafla. Nusu akamulika. Pango lilikuwa pale, kuta zake laini kabisa, zinang'aa kidogo, kama ndani ya ganda la yai. Kaka akaingiza mkono wake mpaka kwenye kifundo. Akaukalisha mle.

Kisha akafanya jambo ambalo watu waliokuwepo bado wanalisimulia. Aliviita vikosi vyote viwili, na wale wa vyuma pia, akawapanga mstari. "Kila mtu aingize mkono," akasema. "Hili ndilo nililojenga Jumanne. Likumbukeni kwa ngozi, si kwa maneno." Wakapita mmoja mmoja, wakichuchumaa, wakiingiza mkono, wakimpisha mwingine. Kreni naye alichuchumaa, magoti yake marefu yamefika masikioni, akaingiza mkono, na alipoinuka hasira yake ilikuwa imepungua.

Jioni ile, nafasi ikiwa tupu na safi, Nusu alirudia kusawazisha. Tindo zilikuwa zimeitikisa nguzo. Akalaza pimamaji huku, akailaza kule, akalala kifudifudi, akaizungusha nati ya kaskazini kwa kiasi cha unywele. Mpimaji wa kiwanja akamsomea kwenye mashine yake: nusu milimita bado. Akazungusha tena.

"Nusu milimita," Kreni akasema kutoka huko juu kwake. "Nani ataiona?"

"Wewe." Nusu hakuinua kichwa. "Hapa chini ni nusu milimita. Kule juu, mita tisa, ni zaidi ya sentimita. Ukipandisha boriti, matundu hayatakutana, utaanza kuivuta kwa mnyororo na kunitukania ukoo."

Kreni akafikiri. Kisha akachuchumaa tena, akaishika spana ya pili, akaizuia nati ya juu isigeuke wakati Nusu anageuza ya chini. Walifanya hivyo nusu saa, na mpimaji aliposema "sifuri" hakuna aliyeshangaa isipokuwa Kreni mwenyewe.

Kabla ya kuondoka Nusu aliwakusanya watu wake na wa Kaka. "Kesho hatuitani kwa mdomo," akasema. "Ngumi ni subiri. Kiganja wazi ni mimina. Mkono ukizunguka, changanya ndoo nyingine. Asiyeona ishara asiguse kitu."

"Kwa sababu yake?" mmoja akauliza.

"Kwa sababu ya mashine. Ikiwaka, sisi wote ni viziwi. Tulikuwa tunajidanganya tu."

Ijumaa alfajiri walikuwepo wote kabla ya jua. Maji yaliyolala juu ya zege yalifyonzwa kwa sponji mpaka ikabaki rangi ya unyevu bila tone. Mbao zilikuwa zimezungushwa na kuzibwa kila mwanya, na upande wa ukuta kulikuwa na kisanduku kirefu cha kumiminia, kilichoinuka juu ya bamba ili grauti ishuke kwa uzito wake yenyewe. Maji yalipimwa kwa jagi, si kwa macho. Kaka alisimama penye kisanduku. Nusu alilala kifudifudi upande wa pili, shavu karibu na mbao, tochi imemulika chini ya bamba. Akainua kiganja wazi.

Ndoo ya kwanza ikashuka. Ya pili ikafuata kabla ya ya kwanza kuisha. Nusu aliona giza, kisha aliona ukingo wa kijivu ukitokea mbali, mzito, unang'aa, unakuja polepole bila kukatika, mapovu madogo yakikimbia mbele yake na kupasuka. Ilisikika drili ya kuchanganyia tu, ikivuma.

Halafu ikaacha kuvuma.

Jenereta lilikuwa limezima. Ndoo ya tano ilikuwa na unga na maji, haijachanganyika, na kwenye kisanduku grauti ilikuwa imeanza kushuka. Ikishuka chini ya bamba, hewa inaingia, na kazi yote inarudi Jumanne. Kaka hakuusikia ukimya ule, lakini aliiona ile fimbo ya drili imesimama. Akamwachia kisanduku mtu wa pembeni, akaruka, akachomoa mti uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautumbukiza kwenye ndoo na kuanza kusukuma kwa mabega yote mawili, magoti ameibana ndoo. Mchanganyaji akamshikia ndoo isizunguke. Kaka alichanganya kama mtu anayepigania kitu chake. Jasho lilimdondoka puani na akageuza uso pembeni ili lisiingie kwenye kipimo. Nusu, macho chini ya bamba, alikuwa ameinua ngumi juu: subiri, subiri, bado ipo. Ukingo wa kijivu ukapunguza mwendo. Ukakaribia kusimama. Nusu aliuambia kwa moyo: njoo.

Ndoo ikamiminwa. Ukingo ukasukumwa, ukaamka, ukaendelea. Mtu akaliwasha jenereta, drili ikarudi, na ndoo ya sita na ya saba zikaja kwa mstari kama watu wazima. Grauti ikagusa mbao mbele ya pua ya Nusu, ikapanda, ikafika kwenye makali ya chini ya bamba, ikayapita kwa upana wa kidole, pande zote tatu, bila povu hata moja. Akashusha mkono.

Aliposimama alimkuta Kaka amepiga magoti, viganja vyote viwili vimelala juu ya chuma. Alikuwa anagonga kwa kifundo cha kidole na kuhisi kwa kiganja, akihama nukta kwa nukta.

"Limetulia," akasema. "Lote."

Wakalifunika kwa magunia mabichi, na kwa siku tatu zilizofuata hakuna mtu aliyepita pale bila kuyamwagia maji, hata wa vyuma.

Jumapili Nusu alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta Kaka amekaa sebuleni kama mtuhumiwa, ameshasema yote. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Miaka miwili," akamwambia Nusu, "mimi najua nimeolewa na mtu mwenye kiburi. Namwambia funga mlango, kimya. Namwambia mkwe amekuja, kimya. Nimelia mimi, nimemshtakia kwa mama yake mdogo. Kumbe nimeolewa na kiziwi."

"Heri kipi?" Nusu akauliza.

Wifi akafikiri kwa dhati. "Heri kiziwi," akasema. "Kiziwi anapelekwa hospitali." Na Jumatatu akampeleka mwenyewe. Daktari akasema sikio la kulia limekwisha, la kushoto litasaidiwa na kifaa.

Jumanne saa nne tofali za majaribio zilipasuliwa kwenye mashine, na injinia akarudi na karatasi inayosema zimevumilia kupita kiasi kilichotakiwa. Akachukua nyundo, akaligonga bamba la kumi na moja mahali kumi na sita. Ti, kila mahali. Akavuka akayagonga mengine yote ishirini na moja, kwa haki. Kisha akafungua jalada, akatoa fomu ya kukabidhi misingi, akampa Kaka kalamu.

Kaka akaipokea, akampa Nusu.

"Hapa pameandikwa fundi mkuu," Nusu akasema.

"Najua kusoma. Macho bado yapo."

"Kaka, safu ya kwanza ni ya kwako."

"Safu ya kwanza niliijenga. Wewe ndiye uliyejua imesimamaje." Akamwelekeza kidole kwenye mstari. "Mimi nitabaki na mwiko na mabega, na mabega umeyaona. Lakini wa kusema limejaa awe wewe. Andika, watu wana kazi."

Nusu alifuta mkono mara mbili. Akaandika jina lake lote, lile la vyeti, herufi zimesimama wima kama alivyozizoesha. Kreni akachungulia juu ya bega lake, akasoma, akasema hajawahi kujua kama ana jina refu hivyo.

Mchana huo boriti ya mwisho ya safu ilipandishwa. Kreni alikuwa juu kabisa, amejifunga mkanda, mkono umenyooka kuikaribisha. Boriti ikashuka, ikazunguka kidogo, ikatulia juu ya nguzo ya kumi na moja. Watu wote chini walikuwa wameinua shingo. Kreni akachukua bolti, akaiingiza kwa vidole tu, bila nyundo, bila mnyororo. Ya pili vilevile. Ya tatu. Akachungulia chini, akamtafuta Nusu kati ya kofia zote zile, akavua glavu moja akamwonyesha vidole vitupu.

Nusu alisimama wima, na wote waliokuwa karibu naye wanasema siku ile hakuonekana mfupi.

Wiki mbili baadaye simu ya nyumbani kwa Kaka iliita wakiwa mezani pamoja na Nusu. Ilikuwa kampuni nyingine, yenye nguzo arobaini za karakana ya magari, na walimtaka fundi mkuu. Wifi ndiye aliyepokea. Kaka, kifaa kipya sikioni, akanyoosha mkono. Wifi akamgeuzia mgongo.

"Fundi mkuu ni wifi yangu," akasema kwenye simu, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani. "Ndiyo, mwanamke. Chukua kalamu nikupe namba yake. Na kaka yake huja naye, msiwatenganishe."

Kaka alirudisha mkono mezani, akamtazama Nusu, akatabasamu kwa wakati mmoja na wengine wote.